Vifaa vya LoRa nchini Uganda: mwongozo kamili wa kufuata sheria, tangu kuchagua masafa hadi kuwasha antena

Redio ndogo ya LoRa, inayotumia umeme kidogo kuliko taa ya tochi, inaweza kutuma kipimo cha maji ya mto umbali wa kilomita kadhaa na betri yake ikadumu kwa miaka. Kwa kuwa nguvu yake ni ndogo na inarusha kwenye bendi ambayo mafundi wengi huiita "ya bure", watu wanaagiza, wanafunga, wanawasha, na hawamuulizi mtu. Hapo ndipo shida inapoanzia. Bendi hiyo haihitaji ununue masafa yako peke yako, lakini ina masharti, na masharti hayo yanapimika kwa vipimo vya kihandisi. Ukiyaelewa kabla ya kutoa pesa, kufuata sheria hakukuchelewesh­i. Ukiyajua mzigo ukiwa umeshafika Entebbe, utalipa mara mbili.

Nitatumia mradi mmoja wa mfano tangu mwanzo hadi mwisho: vihisi vya kupima kina cha mto Nyamwamba, unaoshuka kutoka milima ya Rwenzori, ukapita Kilembe na kuingia mji wa Kasese. Mto huu ulifurika vibaya Mei 2013 na tena Mei 2020, ukaharibu nyumba, madaraja na hospitali ya Kilembe. Vihisi viko juu bondeni, geitiwei inayopokea ujumbe wao iko kwenye paa mjini. Mradi wako unaweza kuwa wa matangi ya maziwa Kiruhura au maghala ya kahawa Masaka, na hatua zitakuwa zilezile.

Kabla ya yote: maswali matatu

Makosa mengi yanatokana na kuchanganya maswali haya matatu, kwa hiyo yaandike kwenye karatasi na uyajibu moja moja.

La kwanza ni la masafa: je, bendi hii inaruhusiwa kutumika bila leseni ya masafa ya mtu mmoja mmoja, na kwa masharti yapi? La pili ni la kifaa: je, aina hii ya redio imeidhinishwa kutumika Uganda? La tatu ni la huduma: je, ninapima mto wangu mwenyewe, au ninawauzia watu wengine mawasiliano?

Unaweza kuwa sawa kwenye la kwanza ukaanguka kwenye la pili. Mtu anayesema "868 MHz ni bure, sihitaji kibali" amejibu swali moja akadhani amejibu matatu.

Hatua ya 1: Jua mlango wa kugonga

Mwenye mamlaka juu ya redio zote nchini ni Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya mwaka 2013. Ofisi zake kuu ziko UCC House, Spring Road, Bugolobi, Kampala. Masafa, idhini ya vifaa na leseni za huduma vyote viko chini yake, ingawa vinashughulikiwa na idara tofauti. Ukipiga simu ukaulizwa "unataka nini hasa?", rudi kwenye yale maswali matatu, utaelekezwa haraka.

Fungua tovuti ya UCC, soma mgawanyo wa masafa wa taifa na masharti ya vifaa vya masafa mafupi na nguvu ndogo. LoRa huingia kundi hili hata kama ujumbe wake unafika mbali, kwa sababu kinachotazamwa ni nguvu inayorushwa. Kisha andika barua fupi au barua pepe ueleze bendi, nguvu, idadi ya vifaa na wilaya utakayofanyia kazi, uombe jibu la maandishi. Jibu la mdomo kwenye simu halitakusaidia afisa wa forodha akiuliza karatasi.

Jambo moja linawaponza sana wanaofanya kazi kuvuka mipaka. Kenya, Uganda na Tanzania zinashauriana juu ya mawasiliano kupitia shirika la EACO, na zote ziko katika Kanda ya 1 ya Umoja wa Mawasiliano wa Kimataifa, ITU, pamoja na Ulaya. Hata hivyo kila nchi ina mdhibiti wake. Kifaa kilichoidhinishwa Nairobi hakipati idhini ya Kampala kwa kuvuka Busia au Malaba. Ripoti za vipimo ni zilezile na unaweza kuzitumia tena, lakini ombi ni jipya.

Hatua ya 2: Chagua masafa, na uyaone kwa macho yako kwenye moduli

Mwongozo huu unatumia mpango uitwao EU868, ulio ndani ya 863 hadi 870 MHz, wa LoRaWAN, yaani kanuni za mtandao zinazounganisha vifaa vya LoRa na geitiwei; kwenye barua yako muulize UCC kama chaneli zake zote zinaruhusiwa Uganda. Mpango huo una chaneli tatu ambazo kila kifaa lazima kizijue: 868.1, 868.3 na 868.5 MHz. Mitandao mingi huongeza tano chini yake, tangu 867.1 hadi 867.9 MHz, ili geitiwei ya chaneli nane itumike yote. Dirisha la pili la kupokea majibu liko 869.525 MHz. Iko pia bendi ya 433.05 hadi 434.79 MHz, ambayo masharti ya Ulaya huipa nguvu ya miliwati 10 tu. Ina msongamano wa rimoti za mageti na magari, na antena yake ni ndefu. Kwa mradi mpya nisingeihangaikia.

Sasa tazama hatari halisi. Maduka ya mtandaoni huuza moduli zilezile kwa matoleo mawili, 868 na 915, na mara nyingi lile la Marekani ndilo la bei rahisi. Mpango wa Marekani, US915, hurusha kutoka kwenye vihisi kuanzia 902.3 hadi 914.9 MHz. Huku kwetu, 890 hadi 915 MHz ni sehemu ya bendi ya 900 ambayo simu za mkononi huitumia kuzungumza na minara. Kwa hiyo kihisi cha US915 kilichofungwa karibu na mnara wa simu kinapiga kelele kwenye sikio la mnara huo, mahali ambapo kampuni ya simu imelipia leseni. Wahandisi wake wataona kelele, watamwita mdhibiti, na mdhibiti ana vifaa vya kutafuta chanzo. Huwezi kujitetea kwamba nguvu ni ndogo.

Kununua moduli kwa kutazama picha tu ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa hiyo kagua mambo matatu. Kwanza, jina kamili la moduli kwenye ankara lazima liseme 868. Pili, angalia antena: iliyotengenezewa 915 itafanya kazi vibaya kwenye 868, na fundi atajaribiwa kuongeza nguvu ili kufidia. Tatu, fungua programu ya ndani ya kifaa utazame eneo lililochaguliwa. Chipu kama SX1276 au SX1262 inaweza kurusha kwenye masafa yote mawili, hivyo mstari mmoja wa programu unaweza kukutoa nje ya sheria hata kama moduli ni sahihi. Wanaotumia Meshtastic, programu ya kutumiana ujumbe kwa LoRa, wachague eneo EU_868 kabla ya kurusha ujumbe wa kwanza.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya nguvu, ukiihesabu antena

Masharti ambayo mpango wa EU868 umejengwa juu yake yako kwenye kiwango cha Ulaya EN 300 220. Kwenye kipande cha 868.0 hadi 868.6 MHz, ukomo ni miliwati 25, yaani 14 dBm (kipimo cha kihandisi cha nguvu ya redio), ya nguvu inayotoka kwenye antena ikilinganishwa na antena ya dipoli. Wanaohesabu kwa dBi, yaani kwa kulinganisha na antena ya kinadharia inayorusha sawa pande zote, huongeza 2.15, wakapata 16.15 dBm. Hapo ndipo wengi huteleza: wanadhani ukomo ni wa chipu, wakati ukomo ni wa kile kinachotoka hewani.

Chukua geitiwei yetu ya Kasese. Umeifunga antena ya nje ya 5 dBi, na kebo inapoteza 1 dB njiani. Hesabu ni hii: 16.15, toa 5, jumlisha 1, unapata 12.15. Kwa hiyo redio iwekwe 12 dBm, si zaidi. Ukiiacha kwenye 20 dBm, kama moduli nyingi zinavyoweza, hewani unatoa 24 dBm, ambayo ni nguvu mara sita hivi ya inayoruhusiwa.

Antena kubwa si kosa. Inakusaidia kusikia vihisi vya mbali, na kusikia hakuna ukomo. Kinachotakiwa ni kupunguza nguvu ya kurusha kwa kiasi kile kile ambacho antena imeongeza. Iandike hesabu hii kwenye karatasi ya mradi kwa kila aina ya kifaa, ukitaja jina la antena na urefu wa kebo. Mkaguzi akija, karatasi hiyo itamaliza mazungumzo kwa dakika chache.

Kipande cha 869.4 hadi 869.65 MHz kina ruhusa pana zaidi katika masharti hayo: miliwati 500. Ndiyo sababu majibu ya geitiwei yamewekwa 869.525. Meshtastic nayo hufanya kazi humo. Usichukue ruhusa ya kipande hicho ukaipeleka kwenye chaneli nyingine.

Nambari hizi ni za Ulaya, na UCC ndiyo yenye neno la mwisho hapa nyumbani. Masharti yake yakiwa makali zaidi kwenye jibu la barua yako, fuata hayo.

Hatua ya 4: Muda hewani, sharti linalovunjwa bila mtu kujua

Nguvu unaweza kuipima kwa kifaa. Muda hewani hauonekani, na ndio utakaokuponza mto ukijaa.

Kwenye 868.0 hadi 868.6 MHz kifaa kinaruhusiwa kurusha asilimia 1 ya muda. Katika saa moja hiyo ni sekunde 36. Sekunde hizo ni za kipande kizima, si za kila chaneli, kwa hiyo 868.1, 868.3 na 868.5 zinagawana zilezile 36. Chaneli za 867 ziko kipande kingine chenye asilimia 1 yake. Kile cha 869.4 hadi 869.65 kina asilimia 10, yaani sekunde 360 kwa saa. Na kile cha 868.7 hadi 869.2 kina asilimia 0.1 tu, sekunde 3.6, kwa hiyo usikiguse bila sababu.

Tuone maana yake mtoni. LoRa ina viwango vya mwendo kuanzia SF7, ya haraka na ya karibu, hadi SF12, ya polepole na ya mbali. Ujumbe wa LoRaWAN wenye baiti 10 za data huchukua milisekunde 62 hivi kwenye SF7, milisekunde 371 kwenye SF10, na milisekunde 1,483 kwenye SF12, kwenye chaneli ya upana wa 125 kHz. Gawanya sekunde 36 kwa hizo: SF7 inakupa ujumbe 583 kwa saa, SF10 inakupa 97, SF12 inakupa 24.

Kihisi kilichofichwa na mlima juu ya Kilembe huenda kikalazimika kutumia SF12. Siku ya kawaida kinatuma mara nne kwa saa, na hakuna tatizo. Mvua ikinyesha Rwenzori, mtaalamu wa maafa anataka kipimo kila dakika. Ujumbe 60 kwa saa kwenye SF12 ni sekunde 89, mara mbili na nusu ya ruhusa. Kifaa chenye ulinzi kitakataa kutuma, na utabaki gizani wakati ule ule unaohitaji kuona. Kisicho na ulinzi kitavunja sharti, na vihisi jirani vikifanya hivyo kwa pamoja vitagongana hewani na ujumbe utapotea. Sharti la sheria na usalama wa watu wa Kasese hapa vinataka kitu kimoja: mtandao uliopangwa kwa ajili ya siku mbaya.

Upange hivi. Punguza data kwanza. Ukituma maneno na mabano, sema herufi 40 za jina la kituo, kina na chaji, ujumbe wa SF12 unachukua milisekunde 2,466, na saa nzima inakupa 14 tu. Ukiweka kina kwa sentimita kwenye baiti mbili, chaji kwenye moja na hali ya kifaa kwenye moja, baiti zinakuwa nne, muda unashuka hadi milisekunde 1,319, na unapata 27. Jina la kituo halina haja ya kusafiri, seva inamjua kila mtumaji kwa namba yake.

Kisha ongeza chaneli za 867, upate sekunde nyingine 36. Baada ya hapo, sogeza geitiwei. Geitiwei ya pili mahali panapoonekana kutoka bondeni inaweza kumshusha mtumaji kutoka SF12 hadi SF9 au chini, na faida yake inazidi hila yoyote ya programu. Mwisho, andika sheria ya mafuriko ndani ya kifaa chenyewe: kina kikipanda kwa kasi fulani, tuma mara nyingi, lakini usivuke bajeti ya saa.

Usiombe jibu la kuthibitisha kila ujumbe. Geitiwei nayo ni mrushaji, na muda wake unahesabiwa. Jibu moja tupu kwenye SF12 ni karibu sekunde moja, kwa hiyo kwenye chaneli za asilimia 1 geitiwei inaweza kujibu mara 36 hivi kwa saa, kwa vihisi vyote pamoja. Tena inapojibu haisikii. Omba uthibitisho kwa tahadhari tu, si kwa vipimo vya kila siku.

Kagua pia programu uliyoitumia. Maktaba za programu za LoRaWAN huhesabu muda huu zenyewe, lakini nyingi zina swichi ya kuuzima kwa ajili ya majaribio mezani, na swichi hiyo husahaulika hadi kifaa kinafungwa mtoni. Maktaba za LoRa tupu, zisizo na LoRaWAN, hazihesabu chochote. Ukitumia hizo, andika hesabu mwenyewe. Na ukiutumia mtandao wa jamii wa The Things Network, una kanuni yake ya ziada: sekunde 30 za kutuma kwa siku kwa kila kifaa. Ujumbe wa baiti 10 kwenye SF12 hapo ni 20 kwa siku. Mradi wa mafuriko unahitaji seva yako mwenyewe, kwa mfano ChirpStack, ambayo haina kanuni hiyo, ila sharti la masafa liko palepale.

Hatua ya 5: Idhini ya aina ya kifaa

Idhini hii ni uthibitisho wa UCC kwamba aina fulani ya redio, ikiwa na jina na namba yake ya modeli, imetimiza viwango na inaweza kuuzwa na kutumika nchini. Kabla ya kuandika ombi, uliza kama modeli hiyo tayari ina idhini. Geitiwei za watengenezaji wakubwa huenda zimeshaombewa na mtu mwingine.

Kama haina, kusanya faili lenye haya:

- ripoti ya vipimo vya redio kwa EN 300 220, ya bendi ya 868
- ripoti ya mwingiliano wa sumakuumeme kwa EN 301 489
- ripoti ya usalama wa umeme kwa EN 62368-1
- tamko la mtengenezaji la kufuata viwango
- maelezo ya kiufundi, mwongozo wa mtumiaji, na picha za nje na za ndani
- barua ya mtengenezaji inayokuruhusu kuomba kwa niaba yake, kama wewe si mtengenezaji

Ada hulipwa kwa UCC pamoja na ombi. Uliza kiasi cha sasa kabla ya kutengeneza bajeti.

Faili nyingi hukwama kwa sababu ya jina. Kwenye boksi imeandikwa modeli moja, kwenye ripoti nyingine, kwenye ankara ya tatu iliyoongezewa herufi na muuzaji. Kwa anayesoma faili, hizo ni redio tatu. Zilinganishe herufi kwa herufi kabla ya kutuma, na kama zinatofautiana, mtake mtengenezaji aandike barua kueleza kwamba ni kifaa kimoja.

Alama ya CE peke yake haitoshi. CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwa soko la Ulaya, si idhini ya Uganda. Ripoti iliyo nyuma yake ndiyo yenye thamani, na iwe ya maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025. Ripoti ya FCC ya Marekani kwa 915 MHz haikusaidii kwa 868, hata kama chipu ni ileile.

Wanaotengeneza vifaa vyao wenyewe, kuanzia vijana wa Makerere hadi mafundi wa maduka ya Kampala, wajue kwamba moduli iliyopimwa haibebi kifaa kizima. Ripoti ya moduli ilipatikana kwa antena fulani na nguvu fulani. Ukibadilisha antena, ukaongeza kipaza nguvu, au ukaiweka kwenye ubao wenye saketi nyingine zenye kelele, unachouza ni kifaa kipya. Njia ya gharama nafuu ni kununua moduli yenye ripoti kamili ya EN 300 220, kutumia antena ya aina iliyotajwa kwenye ripoti, na kuzungumza na UCC mapema, mkiwa bado kwenye vifaa vichache vya majaribio. Ukisubiri hadi umechapisha bodi mia tano, ushauri wao utakuja umechelewa.

Hatua ya 6: Kuingiza mzigo

Mpangilio sahihi ni idhini kwanza, oda baadaye. Nunua vichache vya sampuli kwa majaribio baada ya kuwasiliana na UCC, kisha mzigo mkubwa ufuate idhini.

Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, lina utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa, uitwao PVoC, na bidhaa za umeme na elektroniki zimo. Mkaguzi aliyeteuliwa huko zinakotoka hutoa cheti cha ulinganifu. Mzigo usio na cheti hukaguliwa ukishafika, kwa gharama zaidi na kwa muda wako. Cheti hiki hakichukui nafasi ya idhini ya UCC, na idhini ya UCC haichukui nafasi yake.

Mpe wakala wako wa forodha nakala za vyote viwili pamoja na profoma na ankara kabla ndege haijaruka. Atakapotangaza mzigo kwa URA, mamlaka ya mapato, maelezo yaseme ukweli: kifaa cha kurusha na kupokea data kwa redio, bendi 868 MHz. Wapo wanaoandika "vipuri vya kompyuta" ili kupita haraka. Ukifunguliwa boksi ukakutwa na antena, mzigo unakaa, na faili lako la UCC linaanza kutiliwa shaka. Kama vihisi vina betri za lithiamu, kampuni ya ndege itataka ripoti ya vipimo vya UN 38.3, kwa hiyo iombe kwa muuzaji siku ya kuagiza.

Hatua ya 7: Paa, mlingoti na ardhi

Pata ruhusa ya maandishi ya mwenye jengo. Kwa mlingoti mpya, ongea na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kisha ofisi ya mipango ya halmashauri. Karibu na kiwanja cha ndege, urefu unahitaji ridhaa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA. Ndani ya hifadhi, kama sehemu ya juu ya Rwenzori, mwenye eneo ni Mamlaka ya Wanyamapori, UWA. Vihisi vya mto viripotiwe Wizara ya Maji na Mazingira, na tahadhari za mafuriko kwa umma zipitie ofisi ya wilaya na ya maafa chini ya Waziri Mkuu, ili wananchi wasipate sauti mbili zinazopingana.

Weka waya wa ardhini na kizuia radi kwenye kebo ya antena. Uganda hupigwa sana na radi, na mlingoti juu ya paa la shule au zahanati hauna haki ya kuwaletea hatari waliomo ndani.

Hatua ya 8: Je, umekuwa mtoa huduma?

Ukipima mto wako, shamba lako au matangi ya ushirika wako kwa mtandao wako mwenyewe, swali hili ni jepesi. Linageuka zito siku mtu wa nje anapokulipa ili data yake ipite kwenye geitiwei zako. UCC hutofautisha leseni za wanaotoa huduma kwa umma na za wanaotoa miundombinu. Kuuza mawasiliano kunaweza kukuingiza humo hata kama bendi yenyewe haihitaji leseni ya masafa.

Kuuza kifaa na programu ya kusoma vipimo ni jambo moja, kukodisha mtandao kwa kila mwenye kifaa ni jingine. Eleza biashara yako kwa UCC kama ilivyo, nani analipa, analipia nini, mtandao ni wa nani, na upate jibu kabla ya kusaini mkataba na mteja wa pili. Ushirika wa maziwa ukiwaalika ushirika jirani watumie geitiwei yake kwa ada ndogo, hata kwa nia njema, umeshafika kwenye mlango huu.

Hatua ya 9: Data za watu

Kina cha mto si data ya mtu. Lakini kifaa kinachofuatilia bodaboda, mgonjwa au mfanyakazi kinakusanya data binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakuhusu. Jisajili kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, waeleze wahusika unakusanya nini na kwa nini, pata ridhaa yao, na usihifadhi kuliko unavyohitaji.

LoRaWAN husimba ujumbe kwa AES ya biti 128, lakini usalama huo unategemea funguo. Tumia njia ya kujiunga ya OTAA, kila kifaa kiwe na ufunguo wake, na funguo zisibandikwe kwenye kasha wala kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la mafundi.

Hatua ya 10: Baada ya kuwasha

Siku ya kuwasha, tazama kwenye seva chaneli zinazotumika. Kila ujumbe wa vihisi uwe ndani ya orodha yako ya 867 na 868. Ukiona 903 au 912, zima kifaa hicho mara moja, tafuta programu iliyopotoka. Kisha ruhusu mtandao ujirekebishie mwendo na nguvu, ili vihisi vya karibu vishuke hadi SF7 na nguvu ndogo, na hewa ibaki kwa walio mbali.

Kila mwezi, toa kwenye seva jumla ya muda hewani kwa kila kifaa na kwa kila geitiwei, uiweke kwenye faili la mradi pamoja na barua ya UCC, idhini, cheti cha UNBS, hesabu za nguvu na ruhusa za maeneo. Nakala moja ikae ofisini Kampala, nyingine kwa fundi wa Kasese, kwa sababu mkaguzi au mhandisi wa kampuni ya simu ataanza kwa aliye karibu na antena. Fundi abadilishapo antena, kebo au toleo la programu, apige upya hesabu ya hatua ya 3, aandike tarehe na kusaini. Mabadiliko yakigusa nguvu, bendi au aina ya redio, mjulishe UCC kabla hujaipandisha tena kwenye mlingoti.